Tone la Rangi ya Kucha

Redio yetu ya zamani ilikuwa na matone mawili ya rangi nyekundu ya kucha. Moja lilikuwa kwenye kitufe cha kuzungusha stesheni, jingine kwenye uso wa redio, juu ya kitufe hicho. Mke wangu ndiye aliyeyaweka, wiki ile baba yangu alipohamia kwetu Kiganjo kutoka Mukurweini. Presha ya macho ilikuwa imemwachia vivuli tu. Alikuwa akipitisha kidole kwenye kitufe, anazungusha polepole mpaka tone la chini linakaa sawasawa chini ya lile la juu, na hapo ndipo stesheni ya lugha yetu ilipokuwa. Hakuhitaji kuomba mtu. Kufikia saa moja jioni kiti chake kilikuwa kimeshavutwa karibu, kofia iko gotini, anasubiri matangazo ya vifo.

Huku kwetu mtu hafi kimyakimya. Tangazo lake husomwa redioni jioni mbili tatu kabla ya mazishi, nalo lina mpango wake. Kwanza jina la marehemu na kwao, kisha msururu wa watu wake: mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, mkwe wa fulani, babu wa wengi, na mwishoni rafiki mmoja au wawili waliomhusu kwa dhati. Kutajwa kama rafiki katika tangazo la mtu ni kuitwa. Siku hizi vijana wanatumiana picha ya marehemu kwa simu, lakini wazee wa umri wa baba hawaamini kifo mpaka redio iseme. Baba aliyasikiliza majina yale kama mtu anayesimama langoni akitazama ng'ombe wake wakiingia zizini. Jina asilolijua alilipa heshima ya kimya. Analolijua alilirudia kwa sauti, kisha akatuambia tangu lini anamjua na ni nani wa kumpeleka mazishini.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye sikio la baba lilimtegea zaidi ya wote. Huyu alikuwa rafiki yake wa Wang'uru. Walitahiriwa asubuhi moja, wakauguzwa kwenye kibanda kimoja, na kwa watu wa rika lao huo ni undugu usio na mjadala. Walipokuwa vijana walishuka Mwea pamoja kulima mpunga. Baba alidumu misimu miwili, malaria ikamrudisha Mukurweini kwenye kahawa na ndizi. Mwenzake alibaki, akaoa huko, akazaa huko. Kila baada ya mavuno nusu gunia la mchele wa pishori lilipanda Mukurweini, na mikungu miwili ya ndizi ikashuka Wang'uru, mwaka hadi mwaka, hata ile miaka ambayo hakuna kati yao aliyekuwa na kitu. Na walikuwa wameahidiana jambo. Atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayetia udongo wa kwanza baada ya watoto, na ndiye atakayesimama kaburini kueleza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu, kama baba alivyopenda kusema, watoto humjua mtu akiwa ameshazeeka.

Mwaka huo rafiki yake alikuwa anaugua. Tulijua hivyo tangu Pasaka, tulipompeleka baba kumwona. Muda si mrefu baadaye simu ya baba iliangukia kwenye ndoo ya maziwa, namba zote zikaenda nayo. Nilimnunulia laini mpya. Namba ya Wang'uru, nilimwambia, tutaitafuta.

Sasa nije kwangu. Nina duka la dawa na vyakula vya mifugo. Nikilifunga sina pombe wala mpira, nina santuri. Nimezikusanya moja moja, nyingine kutoka kwa wauza vitu vikuukuu wa Karatina, nyingine kutoka nyumba za wazee ambao watoto wao walitaka kuzitupa. Ni kwaya, magitaa ya zamani, na akordioni za harusi ambazo maharusi wake sasa wana wajukuu au ni udongo. Mke wangu aliziita mke mwenza, na kwa namna nilivyozipangusa vumbi hakukosea. Kanisa letu lilipobadilisha vyombo vyake nilipata amplifaya yao kubwa, nzito kama jiwe la kusagia, nikaiunganisha na ile redio ya zamani. Redio ilipokea sauti dhaifu kutoka kwa mashine ya santuri, ikaipitisha kwenye ile kubwa, nayo ile kubwa ikasukuma spika. Mpango ulifanya kazi, lakini nyuma ya kila wimbo kulikuwa na ukungu fulani, na mimi nikishasikia kasoro siwezi tena kusikia kitu kingine.

Nilimpelekea shida yangu fundi mmoja mjini Nyeri, mtu mwembamba mwenye chumba ghorofani kilichojaa matumbo ya redio.

"Hiyo kubwa yako haina shida," aliniambia. "Iko na nguvu ya kubeba gunia. Lakini yenye inaiambia ibebe nini haisikii vizuri. Hiyo redio yako imezeeka masikio. Tafuta pri-amp peke yake. Kitu ndogo tu, kazi yake ni kusikia. Ikae hapo katikati."

Niliitafuta kwa miezi. Niliipata kwa mwalimu mstaafu wa muziki aliyekuwa anahamia kwa binti yake na kugawa vitu vya nyumba. Kilikuwa kijisanduku cha rangi ya fedha, chembamba, uso wake laini kama sahani, na vitufe vitatu visivyo na mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilitoa redio, nikaweka ile ndogo mahali pake, nikachomeka waya, nikashusha sindano kwenye santuri ya kwaya niliyoisikiliza labda mara mia.

Nilisikia akina mama wale wakivuta pumzi. Sitii chumvi. Kabla ya ubeti wa pili kuna pumzi, kama wanawake ishirini wanaoinuka na mitungi kwa pamoja, na katika miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba ipo. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni. Nilimwita baba kutoka uani. Nikabadilisha, nikaweka ya gitaa, tukasikia kidole kikiteleza juu ya waya. Baba alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Ni safi," alisema. "Nasikia mpaka kidole." Halafu akauliza, "Na redio iko wapi kwa hii?"

"Hii haina redio, Baba. Nitaiunganisha."

Na njia ya kuiunganisha nilikuwa nayo. Fundi alikuwa amenionyesha: redio ya zamani iwekwe pembeni, waya mmoja utoke mgongoni mwake uingie mgongoni mwa ile ndogo, iendelee na kazi yake ya redio tu. Kesho yake baada ya kanisa nilijaribu. Redio ikaongea vizuri. Lakini nilipoweka santuri, katikati ya kwaya na pumzi zake kukaingia mvumo mdogo, kama nyuki walio upande wa pili wa ukuta. Nikichomoa redio mvumo unaondoka, nikiichomeka unarudi. Mke wangu alisema hasikii kitu. Mimi niliusikia hata nikiwa jikoni. Nikaichomoa, nikaibeba mpaka stoo nyuma ya nyumba, nikaiweka juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe, nikaifunika na gunia tupu ili vumbi lisiingie.

Nilimwambia baba, "Kuna mvumo kidogo. Nitatengeneza wikendi ijayo."

"Hakuna haraka," alisema. Baba yangu hajawahi kuniambia nina haraka ya kitu, hata nilipokuwa mtoto na moto unazima.

Mtu atauliza kwa nini sikununua redio ndogo ya betri, zile zinazouzwa kila duka. Nimejiuliza mwenyewe. Baba alikuja na ya kwake kutoka Mukurweini, imefungwa kwa mpira wa tairi, na mimi ndiye niliyemshawishi aitupe kwa sababu ilikuwa inakoroma. Kununua nyingine kungekuwa kurudisha mkoromo sebuleni, kando ya kijisanduku changu cha fedha. Hilo ndilo jibu, na halipendezi likiandikwa.

Wikendi ya kwanza nilipanga spika upya, mbali na ukuta. Wikendi ya pili nilikwenda Nyeri kutafuta waya nene zaidi za spika. Jioni, saa ya matangazo ilipofika, baba alivuta kiti chake kama kawaida, na mimi nikamwekea santuri. Nilijiambia nampa kitu bora. Alikaa pale na kofia gotini, akasikiliza wanawake wakivuta pumzi, na wimbo ulipokwisha akashukuru na kwenda kula.

"Mzee ameuliza redio tena," mke wangu aliniambia.

"Ameniambia hakuna haraka."

"Wewe naye. Atasema nini? Si uweke tu hiyo kitu, ivume."

Jioni moja nilirudi mapema kutoka dukani. Baba alikuwa amesimama mbele ya meza, peke yake, mkono umenyooshwa. Alikuwa anapitisha kidole juu ya uso wa ile ndogo. Alianza kitufe cha kwanza, akakizunguka chote, akaenda cha pili, akaenda cha tatu, kisha akarudi cha kwanza. Alikuwa anatafuta tone. Nilijua hivyo palepale mlangoni, na kilichonitoka mdomoni ni hiki:

"Baba, usiiguse hiyo, tafadhali. Inashika alama za vidole."

Aliuondoa mkono kama mtoto aliyekamatwa kwenye sukari. Alisema, "Pole," akatafuta kiti chake. Nilichukua kitambaa nikapangusa.

Wiki ya nne alikuja dukani mfanyabiashara wa mchele anayepanda na pikapu kutoka Wang'uru, mteja wangu wa siku nyingi. Alinunua dawa ya kupe, akasimama kidogo kaunta.

"Poleni na mzee," alisema.

"Mzee gani?"

"Yule rafiki wa baba yako. Si tulimzika Alhamisi? Nilifikiri nitawaona. Hata mzee wako alisomwa kwa redio, ati rafiki wa mzee fulani wa Mukurweini. Nikasema leo nitaona watu wa Kiganjo."

Nilimrudishia chenji. Nilimwambia tulikuwa na shughuli. Alipoondoka nilikaa juu ya kiti cha plastiki katikati ya madebe ya dawa. Alhamisi. Nikarudisha siku nyuma. Jioni za Jumatatu, Jumanne na Jumatano jina la baba yangu lilisomwa hewani, likafika Nyeri, likafika Karatina, likafika kila nyumba yenye redio, na sebuleni kwangu baba mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya spika akisikiliza akordioni.

Nilimkuta uani anachambua maharagwe kwa vidole, mabovu upande huu, mazima upande ule. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Ningesema: Baba, amekufa, wametangaza, na hukusikia kwa sababu yangu.

"Baba, nimepata habari mbaya ya Wang'uru."

Vidole vilisimama. "Lini?"

"Walimzika Alhamisi."

"Walimzika." Alilirudia neno lile kana kwamba analipima uzito. Kuku wakaja wakaanza kudonoa yale maharagwe mabovu, hakuwafukuza. Kisha akauliza, "Kwani hawakutangaza?"

Alinifungulia mlango mwenyewe, na mimi nikapita. "Sijui, Baba. Nafikiri hawakutangaza."

"Mtu kama huyo," alisema. "Wamemfukia kama mtu aliyeokotwa barabarani." Na baba yangu, ambaye sijamwona akilia hata tulipomzika mama, alipangusa uso kwa mkono wenye vumbi la maharagwe.

Chumbani mke wangu aliniuliza, "Hawakutangaza?"

"Walitangaza."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Huzuni ya baba iligeuka hasira kwa watoto wa marehemu, na kila siku hasira ile ilipokua, ukweli wangu ulizidi kuwa mzito kuubeba. Alitaka apelekwe Wang'uru akawaulize. Mimi nikatafuta visingizio, gari, duka, mvua, mpaka akasema atapanda gari la abiria peke yake na fimbo yake. Jumamosi tukaondoka.

Safari ile ilinipa nafasi za kutosha. Karatina tulisimama kununua mikungu miwili ya ndizi, kwa sababu hata akiwa na hasira baba hakuweza kushuka Mwea mikono mitupu. Alizipapasa ndizi, akachagua mwenyewe. Ningemwambia pale. Kutoka Karatina mpaka Sagana alikuwa anapanga maneno yake kwa sauti, kwamba hatawagombeza, atauliza swali moja tu, wajijibu wenyewe. Ningemwambia hapo pia. Makutano tulipokata kwenda Mwea nilifungua mdomo, nikamuuliza kama anasikia joto.

Binti mkubwa wa marehemu alitupokea mlangoni. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole wa rika langu. Alimshika baba mikono yote miwili.

"Karibu, Baba. Tulikuwa tunakungoja."

Akatuketisha, akaleta chai na mkate. Baba hakugusa kikombe. Katika nyumba ya matanga kuacha chai mezani ni kusema jambo, na yule binti alilielewa, nikaona uso wake ukibadilika.

"Nina swali moja tu," baba alisema. "Baba yenu alikosa watu wa kumtangaza?"

Binti alinitazama mimi, kana kwamba ningemweleza swali. Nilitazama kikombe changu. Akainuka, akachukua Biblia kabatini, akatoa ndani yake karatasi iliyokunjwa mara mbili, ile waliyopeleka kituoni ikasomwe. Aliisoma yote, na sauti yake ya darasani ilitetemeka mahali pa mama yake tu. Mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, babu wa wengi. Mwishoni kabisa, peke yake, bila rafiki mwingine kabla wala baada, jina la baba yangu, wa Mukurweini.

"Ilisomwa jioni tatu, Baba. Namba yako ya simu haikuwa inapatikana. Lakini tulisema, huyo hawezi kukosa kusikia redio." Akaikunja karatasi. "Siku ya mazishi pasta alipomaliza, ndugu yangu alishika jembe, nikamwambia ngoja. Nikawaambia watu mzee wa Mukurweini lazima yuko njiani. Tulisimama. Mvua ikaanza kunyesha, mama akaanza kutetemeka. Ndiyo tukafunika."

Baba yangu haoni. Lakini aligeuza uso kunielekea mahali hasa nilipokuwa nimeketi, hakukosea hata kwa upana wa mkono. Nilitaka aseme, na nilijua kwamba wa kusema ni mimi.

"Redio yangu iliharibika," baba alisema. Alirudisha uso kwa yule binti. "Ilikuwa ya zamani. Ni makosa yangu, ningeomba kwa jirani. Mnisamehe, mwanangu. Nimekuja nyumbani kwenu na maneno mabaya."

Halafu akanyoosha mkono, akapapasa meza, akakipata kikombe, akanywa chai ile yote ikiwa imeshapoa. Binti alilia. Alimwambia hakuna kosa, Baba, vitu huharibika. Na mimi niliinua kikombe changu nikanywa pia, kama mtu asiyehusika. Mpaka leo nikifikiria aibu ya maisha yangu sifikirii stoo, wala lile gunia, nafikiria ule mkupuo wa chai.

Walituonyesha kaburi. Liko nyuma ya nyumba, karibu na mfereji wa maji ya mpunga, udongo ulikuwa bado umevimba na maua ya karatasi yamelowa yakachuja rangi. Baba aliomba tumwache. Aliinama kwa shida, akafinyanga donge la udongo mkononi, akaliweka juu, hakulitupa. Alizungumza kwa sauti ndogo. Nilisikia neno moja tu, nimechelewa. Tulipoondoka yule binti alitia nusu gunia la pishori kwenye buti, akasema baba yao aliliweka kando kabla ya kulazwa.

Tulipokaribia Sagana baba aliuliza:

"Ulijua walitangaza?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile ya maharagwe?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ukaniacha niende kuwauliza watoto wa mtu vile."

Nilisema nisamehe, nikasikia jinsi neno lenyewe lilivyo jepesi. Gari kubwa la mchanga lilitupita, likaacha vumbi, nikafunga dirisha.

"Sijawahi kusema uongo katika nyumba ya matanga," baba alisema. "Usifikiri nilikuficha wewe. Nilimwonea huruma yule msichana. Ningemwambiaje kwamba walisimama kwa mvua wakiningoja, na mimi nilikuwa nimekaa nyumbani nasikiliza nyimbo?"

Tukafika Kiganjo.

Kabla hata ya kuvua viatu nilikwenda stoo. Nilitoa redio chini ya gunia, nikaipangusa unga wa chakula cha ng'ombe, nikaiweka kando ya ile ndogo. Nilimpigia fundi, nikamweleza mvumo. Alicheka kidogo. Akaniambia nichukue kipande cha waya, nikifunge kwenye parafujo ya mgongo wa redio, upande wa pili nikifunge kwenye parafujo ya mgongo wa ile ndogo. Waya wenyewe nilikuwa nao kwenye droo. Haukuzidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Niliufunga, nikaweka santuri ya kwaya, na mvumo haukuwepo. Kazi yote haikunichukua muda wa kupika chai.

Mke wangu aliyaona yale matone yamekwaruzika, akaleta chupa yake akaongeza rangi. Jioni baba alivuta kiti, akapitisha kidole, akazungusha. Matangazo yakaja. Mimi sasa hukaa naye kila jioni, yeye hajanikaribisha wala hajanifukuza. Sauti ya msomaji inatoka safi kupita kiasi katika vile vyombo vyangu. Nasikia akigeuza karatasi kati ya marehemu mmoja na mwingine. Nasikia akimeza mate. Nilikitaka chombo cha kusikia kila kitu, basi sasa ninacho.

Jioni moja, matangazo yalipokwisha, baba alisema, "Chukua kalamu."

Nikachukua. Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya maelezo ya kijisanduku, nyuma yake tupu. Akaanza kunisomea tangazo lake mwenyewe, polepole, kwa mpango wake. Jina lake. Mukurweini. Mume wa marehemu mama yangu. Baba wa, na hapo akanitaja mimi kwanza, kisha dada zangu. Mkwe wa. Babu wa. Niliandika. Kisha akasema, "Rafiki wa marehemu," akamtaja mtu wake wa Wang'uru, jina lake na la babake. Nikadhani amemaliza, nikafunga kalamu.

"Bado," alisema. "Andika, ambaye hakumzika."

"Baba, redioni hawatasoma hivyo."

"Wewe andika."

Niliandika. Aliniambia nimsomee yote kuanzia juu, nikasoma, na nilipofika mwisho nikashusha sauti, akaniambia nirudie pale, kwa sababu hakusikia vizuri. Nikarudia. Karatasi iko ndani ya Biblia yetu. Siku hiyo ikifika mimi ndiye nitakayeipeleka kituoni, na hakuna atakayejua kama nimepunguza maneno mawili ya mwisho.